Inatafuta Kifaa

Saa nne usiku, Iyela, mwezi wa sita.
Baridi imekaa kitako jikoni kama mgeni asiyeaga.
Nimeiweka saa ya Baba kando ya kompyuta,
zimepakana kama vikombe kwenye sinia,
na bado skrini inasema: inatafuta kifaa.

Inatafuta nini? Kifaa si hiki hapa,
kinakutazama usoni!

Nimezima, nimewasha.
Nimeizima blututhi, nimeiwasha, nimeilaani, nimeiomba radhi.
Nimeondoa redio mezani,
nikaondoa na kijiko, maana ikishafika saa tano
hata kijiko unakishuku.
Nimefuta jina la saa, nikaliandika upya.
Nimeiatamia kwapani kama yai,
kwa kuwa fundi wa Mwanjelwa aliniambia
betri huku kwetu huganda kama mchuzi wa jana.

Inatafuta kifaa.

Kesho asubuhi daktari Mahenge anataka mapigo ya wiki mbili:
hatua, usingizi, moyo ulipanda lini, ukashuka lini.
Baba alishamjibu kwa mdomo:
"Kila alfajiri napanda Loleza. Mpaka kwenye mawe."
Daktari akasema vizuri, mzee,
ila nataka na saa yenyewe iseme.

Saa sita kasoro ndipo nikasikia,
nyuma ya ukuta wa tofali moja,
simu ya Ipyana ikiitikia ti!
kila nilipobonyeza kitufe cha saa.
Nikagonga ukuta.
"We Ipyana! Nani kaiunganisha saa ya Baba na simu yako?"
Kimya. Kisha: "Shikamoo dada. Aliniomba nimwekee majira."

Kumbe siku zote hizo saa ina mchumba,
nami usiku kucha naiposa.

"Iachie."
Akaiachia.
Zikaja tarakimu sita huku, sita kule,
nikazilinganisha kama mwenye tiketi ya bahati nasibu,
nikabonyeza ndiyo.

Data ikaanza kushuka, tone kwa tone,
kama bomba letu wiki ya mgawo.
Asilimia nne. Tisa. Thelathini.

Ramani ikafunguka.
Nikautafuta mstari juu, kaskazini, mlimani.
Mlima mtupu.
Mstari ulishika njia ya Nzovwe, ukavuka reli,
ukaingia Iyunga, ukafika mahali, ukasimama.
Siku ya kwanza. Siku ya pili.
Mistari kumi na minne imelaliana
mpaka imekuwa kamba.

Napafahamu pale. Ni geti la kiwanda
alichokitumikia miaka ishirini na sita,
kadi namba mia nne kumi na mbili.
Sasa ni kutu, na mabua ya mahindi ya mlinzi.

Anafika saa kumi na mbili na dakika hamsini.
Hatua: sifuri. Sifuri. Sifuri.
Mapigo: sabini na mbili. Sabini na nne.
Kisha saa moja kamili,
wakati ule king'ora kilipokuwa kikilia,
hatua bado sifuri,
mapigo mia na kumi na nane.

Dakika sita.
Halafu moyo unatulia, anageuka, anarudi nyumbani
kuniambia mawe ya Loleza leo yalikuwa na umande.

Mlango wa chumba chake ukalia.
Kasimama na blanketi mabegani,
kifundo cha mkono kina alama ya mkanda.
"Imekubali?"

Kwenye skrini: uhamishaji umekamilika.
Nikaigeuza kompyuta kidogo, ikatazama ukuta.
"Bado, Baba. Bado inatafuta."

"Itakuwa baridi," akasema.

"Itakuwa baridi."